Mama Maggie Walker na Benki ya Senti

Wanakikundi wenzangu, na ninyi nyote mliotuunga mkono miaka hii kumi, kamati ya sherehe iliniomba niandike habari za mama mmoja wa zamani aliyefanya kazi inayofanana na yetu. Nimemchagua Maggie Lena Walker wa mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Najua wapo watakaouliza, Mmarekani anatuhusu nini sisi wauza maandazi na mchicha? Someni kwanza, halafu tuulizane.

Vitabu vingi vinaandika kwamba alizaliwa Julai 1864, vita vya kukomesha utumwa vikiwa bado vinapiganwa. Mama yake, Elizabeth, alikuwa ameonja utumwa. Baba wa kambo, aliyekuwa mhudumu wa hoteli, alikutwa amekufa mtoni mwaka 1876, na kuanzia hapo nyumba ikawa inaendeshwa na dobi, yaani mama huyo huyo. Alifua nguo za wazungu, na Maggie ndiye aliyebeba kapu kichwani, anapeleka safi na kurudi na chafu. Sisi tuliokua tunabebeshwa sinia la vitumbua kabla ya shule tunajua kazi hiyo. Njiani unajifunza nani analipa, nani anakuzungusha.

Alisoma mpaka akawa mwalimu mwaka 1883. Alipoolewa na Armstead Walker mwaka 1886 kazi ikaishia hapo hapo, kwa kuwa utaratibu wa wakati ule haukumruhusu mwanamke mwenye mume kufundisha. Basi akageukia chama alichojiunga nacho akiwa na miaka 14, Independent Order of St. Luke. Hiki kilikuwa chama cha kufa na kuzikana, kilichoanzishwa mwaka 1867 na mwanamke mweusi, Mary Prout, kule Baltimore. Mtu akiugua anatunzwa, akifa anazikwa kwa heshima.

Mwaka 1899 chama kilikuwa mahututi. Sandukuni zilibaki dola 31 na senti 61, na madeni yalikuwa kama dola 400. Katibu aliyekuwapo akaondoka. Maggie akakubali kuchukua ukatibu kwa mshahara wa dola 8 hivi kwa mwezi, pungufu sana kuliko aliyemtangulia. Hapa nasimama kidogo. Wenye kumbukumbu mnaukumbuka ule mwaka wetu wa nne, wakati mikopo ilipokwama na nusu ya mkutano ikasema tugawane kilichobaki kila mtu ashike njia yake. Mimi nilikuwa katika hiyo nusu. Nasema kweli, sikuona sababu ya kuendelea.

Yeye aliona hivi. Wanawake weusi wa Richmond wengi walikuwa madobi, watumishi wa majumbani, na wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku. Kila mmoja alikuwa na senti chache tu, na senti hizo ziliishia katika maduka na benki za watu ambao hawakuwaheshimu. Mwaka 1901 akaueleza mkutano wa chama kuwa wanahitaji gazeti, benki na duka. Gazeti likatoka mwaka 1902. Kabla ya kufungua benki hakujifanya anajua: kwa muda alikuwa akienda kukaa saa kadhaa kila siku katika benki ya wazungu mjini hapo, anatazama vitabu vinavyoandikwa. Tarehe 2 Novemba 1903 St. Luke Penny Savings Bank ikafungua milango, naye akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini humo kuanzisha benki na kuwa rais wake. Mtu alipokelewa hata akija na senti. Watoto walipewa vibubu, kikifika dola moja mtoto anafungua akaunti yake. Kufikia mwaka 1920 benki ilikuwa imekopesha watu weusi fedha za kununua nyumba zipatazo 600.

Sio kila kitu kilifaulu. Mwaka 1904 kampuni ya tramu ilipoanza kuwatenga abiria weusi, Mama Walker na gazeti lake walikuwa miongoni mwa waliohimiza watu kutembea kwa miguu. Watu wakatembea, kampuni ikafilisika mwaka huo, lakini mwaka 1906 jimbo likaufanya ubaguzi ule kuwa sheria. Duka nalo, lililofunguliwa mwaka 1905, lilidumu kama miaka sita hivi. Wafanyabiashara wa kizungu waliwabana wauzaji wa jumla wasiliuzie mali, na wateja weusi wengine, jambo la kusikitisha, waliendelea kununua kwa wale wale. Halafu mwaka 1910 benki nyingine kubwa ya weusi mjini hapo, ya chama cha True Reformers, ikaanguka kwa mikopo mibaya na wizi. Fikirieni siku hiyo wenye akiba walivyolala. Benki ya Mama Walker ilibaki imesimama.

Nyumbani kwake pia palikuwa na msiba. Mwaka 1915 mwanawe Russell alimpiga baba yake risasi akidhani ni mwizi. Akashtakiwa, akaachiwa, lakini naye akafariki mwaka 1923. Mama mwenyewe alikuwa na goti bovu na kisukari, na miaka yake ya mwisho aliiishi katika kiti cha magurudumu. Akaweka lifti nyumbani, gari likarekebishwa limpokee, akaendelea kwenda kazini.

Ndipo ikaja hali ngumu ya mwaka 1929. Viwanda vikafungwa, wafanyakazi weusi wakawa wa kwanza kuachishwa, na kati ya 1930 na 1933 benki zaidi ya 9,000 zilianguka Marekani. Maggie Walker hakusubiri zamu yake. Kufikia mwaka 1931 benki yake ilikuwa imeungana na nyingine mbili za watu weusi wa Richmond kuwa moja, Consolidated Bank and Trust Company, yeye akiwa mwenyekiti wa bodi. Si rahisi, jamani. Sisi tulishindwa kuungana na kikundi cha ng'ambo ya barabara kwa sababu ya kugombea nani atashika ufunguo. Machi 1933 serikali ilipofunga benki zote za nchi kwa muda na kuzikagua, hiyo ilifunguliwa tena.

Alifariki tarehe 15 Desemba 1934. Benki ile ilibaki mikononi mwa watu weusi wa Richmond mpaka mwaka 2005, iliponunuliwa na kampuni ya nje. Nyumba yake ya mtaa wa Leigh serikali imeihifadhi, na mwaka 2017 mji ukamsimamishia sanamu.