Ibn Rushd: Kadhi Aliyefukuzwa Msikitini

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym

Jina lake ni Abul-Waliyd Muhammad bin Ahmad bin Rushd. Alizaliwa Qurtuba, Andalus, mwaka 520 Hijriyyah (1126), mwaka ule ule aliofariki babu yake, ambaye naye aliitwa Ibn Rushd na alikuwa Kadhi wa mji huo. Kwa hiyo wanachuoni humwita Al-Hafiyd, yaani mjukuu.

Kutafuta elimu

Alihifadhi Al-Muwattwa ya Imaam Maalik, akasoma fiqhi, utabibu na falsafa. Imepokewa kwamba tangu apate akili hakuacha kusoma ila nyusiku mbili: usiku aliofariki baba yake na usiku wa harusi yake.

Ukadhi na vitabu vya Wagiriki

Mwaka 1169 akawa Kadhi wa Ishbiyliyah, kisha Qurtuba. Khalifa Abu Ya'quub Yuusuf alitaka vitabu vya Aristotle vifafanuliwe, na kazi hiyo ikamwangukia Ibn Rushd. Kitabu cha Aristotle kuhusu siasa hakikumfikia, ndipo akafafanua cha Plato kuhusu dola.

Plato aliona uadilifu ni kila kundi katika mji kushika kazi yake bila kuvuka mpaka, kama vile katika nafsi akili inavyotakiwa kuyaongoza matamanio. Ibn Rushd akaitazama nchi yake kwa kipimo hicho. Akaeleza jinsi dola ya Al-Muraabituun ilivyoanza kwa kufuata sheria, na ndani ya vizazi vitatu ikaishia kwenye kupenda mali na starehe. Akasema pia kwamba kuwaachia wanawake uzazi na malezi peke yake ni moja ya sababu za umaskini.

Kwake, maneno ya waliotangulia hupimwa: yaliyo haki yapokewe kwa shukrani, yaliyo makosa watu watahadharishwe nayo. Alimjibu Imaam Al-Ghazaaliy katika falsafa, na wanachuoni wengi hawakukubaliana naye.

Katika fiqhi aliacha Bidaayatul-Mujtahid. Humo haelezi tu Maimamu wamekhitalifiana wapi, bali pia kila mmoja alishika dalili gani.

Mtihani na kifo

Mwaka 1195 alishutumiwa, akahamishiwa Lucena, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto. Imepokewa kwamba lililomuuma zaidi ni siku aliyoingia msikitini Qurtuba pamoja na mwanawe wakati wa Alasiri, watu wakawainukia na kuwatoa. Mtu aliyehukumu wengine kwa ushahidi, yeye alihukumiwa kwa kelele.

Baadaye alisamehewa. Akafariki Marrakesh mwaka 595 (1198), na mwili wake ukahamishiwa Qurtuba.

Mafunzo

Visiwa vyetu vilikuwa na kadhi wa Kishafi na kadhi wa Kiibadhi katika mji mmoja. Hata leo mmoja hufunga mikono katika Swala, jirani yake akaiachia, na suala hilo limo katika kitabu cha Ibn Rushd pamoja na dalili zake. Basi ukiwa Unguja, Pemba, au safarini Nyashimo kule Busega, ukamwona Muislamu anaswali tofauti nawe, uliza kwanza dalili yake. Usimtoe kwenye safu.

Allaah Amrehemu Ibn Rushd, Amsamehe alipokosea, na Atujaalie uadilifu kwa tunaokhitalifiana nao. Aamiyn.