Somo la Bibi Titi kwa Washonaji wa Igunga

Kila mama wa Igunga atakaye kuingia ushirika wa ushonaji, yafaa ayajue maisha ya Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU mwaka 1955, aliviendea vikundi vya ngoma, ambamo akina mama walikwisha kuzoea kuchanga na kuaminiana. Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akasamehewa mwaka 1972, akafariki mwaka 2000. Ndugu, Igunga yatoa pamba, walakini cherehani ni ghali kwa mama mmoja. Wanaoaminiana watainunua, na watoto watakula. Hatuna budi kutanguliza uaminifu, cherehani ifuate.