Bwana William Grace, Meya wa New York

Huko Ulaya, upande wa magharibi, kuna kisiwa kiitwacho Ayalandi. Watu wake walio wengi ni Wakatoliki, na zamani walikuwa maskini sana. Ndipo alipozaliwa William Grace mwaka wa 1832. Angali kijana mdogo alitoroka kwa baba yake akapanda merikebu. Kutoroka huko hatukusifu.

Tangu mwaka wa 1845 viazi, ndivyo chakula cha maskini wa kisiwa kile, vilioza mashambani, na watu kama milioni moja wakafa. Mwaka wa 1851 Grace akaenda Peru, nchi ya Amerika ya Kusini. Karibu na pwani yake kuna visiwa vya Chincha, ambavyo kinyesi cha ndege kilirundikana huko kama vilima. Wazungu walikinunua kwa kurutubisha mashamba yao. Merikebu zilingoja miezi mizima kupakia. Grace akafikiri: mabaharia hawa wanahitaji kamba, tanga na chakula, na duka liko mbali. Basi akatia nanga papo hapo merikebu iliyojaa bidhaa, akatajirika.

Lakini tuseme kweli: mbolea ile ilichimbwa na vibarua wa Kichina, walioteswa sana, na wengi walikufa. Grace hakuwa bwana wao, ila mali yake ya kwanza ilitokana na biashara ile.

Mwaka wa 1865 alihamia New York, mji mkubwa wa Marekani. Mwaka wa 1880 njaa ilipoingia tena Ayalandi, alitoa sehemu kubwa ya shehena ya chakula iliyopelekwa huko.

Mwaka uo huo alisimama kuchaguliwa meya, yaani mkuu wa mji. Mkatoliki hajapata bado kukalia kiti kile, na makelele yakawa mengi. Walisema shule za serikali zitaangukia mikononi mwa mapadri. Grace akashinda kwa kura chache katika mji wa watu zaidi ya milioni moja. Shule zikabaki kama zilivyokuwa.

Waliokasirika baadaye ni wakuu wa chama chake! Walitazamia kugawiwa kazi za mji kwa ajili ya rafiki zao, naye hakukubali kuwatii. Kipindi kilipokwisha walimwacha. Mwaka wa 1884 akarudi bila wao, akawashinda. Katika mwaka wa 1885 ndiye aliyeipokea kwa niaba ya mji ile sanamu kubwa ya Uhuru, zawadi ya Wafaransa, iliyofika vipande vipande ndani ya masanduku.

Mwaka wa 1897 yeye na ndugu yake Michael walianzisha shule ya kufundisha wanawake kushona na kazi za ofisini bila malipo, chini ya uangalizi wa masista. Grace alifariki mwaka wa 1904; shule ikaendelea kupokea wanafunzi.