Oskar Barnack: fundi aliyetafuta kipimo cha haki

Miongoni mwa wapenzi wa kamera za zamani kuna lalamiko moja lisilokwisha. Mtu huipata lenzi kuukuu, kioo chake safi, akaifunga kwenye kamera yake, akamlenga mwanawe aliyevaa kanzu mpya ya Idi, kisha picha ikaja na uso wenye ukungu na ukuta wa nyuma ulio wazi kabisa. Hapo hulaumu macho yake, au filamu, au mwuzaji. Kumbe chanzo cha jambo hilo, na dawa yake pia, vimo katika maisha ya Mjerumani mmoja aliyefariki mwaka 1936. Huyo ni Oskar Barnack, aliyebuni kamera iitwayo Leica.

Barnack alizaliwa tarehe 1 Novemba, 1879, katika kijiji cha Lynow, jimbo la Brandenburg, kusini ya Berlin. Hakuingia chuo kikuu. Ujanani alitiwa uanagenzini kwa fundi wa vyombo vya kutazamia nyota, na huko ndiko mikono yake ilikozoea kazi ambayo kosa la unene wa unywele huharibu chombo kizima. Alipohitimu alishika njia kama mafundi wengi wa zama zake, akitembea mji hata mji, akifanya kazi na kujifunza, mpaka akafika Vienna. Mwaka 1902 aliajiriwa na kiwanda cha Zeiss mjini Jena, kilichokuwa mashuhuri kwa lenzi na hadubini.

Huko Jena alipenda kutembea misituni siku za mapumziko na kupiga picha. Lakini kamera ya siku zile ilikuwa sanduku zito lenye miguu mitatu, na kila picha ilihitaji bamba lake la kioo, sentimita 13 kwa 18. Barnack alikuwa na ugonjwa wa pumu. Kupanda kilima na mzigo ule mgongoni kulimkata pumzi, naye akaanza kuwaza namna ya kupiga picha ndogo kwa chombo chepesi, kisha kuikuza picha baadaye chumbani.

Wazo hilo lilipata nafasi mwaka 1911, alipohamia mji wa Wetzlar katika kiwanda cha hadubini cha Ernst Leitz. Rafiki yake Emil Mechau, aliyetangulia kwenda huko, ndiye aliyemsifu kwa wakubwa. Barnack akapewa karakana ya majaribio. Kati ya mwaka 1913 na 1914 aliunda kamera ndogo ya chuma, ya kutiwa mfukoni, itumiayo filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Picha moja ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Yeye akaunganisha nafasi mbili, akapata milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho ndicho kilichokuja kutumiwa na ulimwengu mzima.

Lakini picha ndogo ina sharti lake. Ikikuzwa, kila kosa lililomo hukuzwa pamoja nayo. Kwa hiyo lenzi ilibidi iwe kali, na umbali wake na filamu uwe sawasawa bila ya kupungua wala kuzidi. Kazi ya lenzi ilifanywa na Max Berek, mtaalamu wa kiwanda hicho, na lenzi yake ya milimita 50 ikaitwa Elmar.

Vita Vikuu vya Kwanza vilivunja mipango yote. Barnack aliendelea kuibeba kamera yake, na mwaka 1920 mto ulipofurika Wetzlar aliipiga mitaa iliyojaa maji, picha zinazotazamwa hata leo. Mwaka 1924, fedha ya Ujerumani ikiwa imeporomoka na wafanyakazi wakihofia riziki zao, wakubwa wa kiwanda walikaa kushauriana. Baadhi walipinga wakisema kwamba kamera si kazi ya watengenezaji hadubini. Ernst Leitz wa pili, mwana wa mwenye kiwanda aliyekuwa amekwisha kufa, akaamua itengenezwe. Leica ikaonyeshwa katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1925.

Sasa tufike kwenye lile lalamiko letu. Leica ya kwanza haikuweza kupima masafa yenyewe. Mpigaji alikisia umbali, au alitumia chombo kidogo cha kando, akausoma umbali na kuuhamishia kwenye lenzi. Mwaka 1930 ikatoka kamera ambayo lenzi yake hufunguka kwa hesi ya milimita 39. Furaha ilikuwa kubwa, lakini na tatizo likawepo: kila lenzi ilisawazishwa na kamera moja tu na kuchorwa tarakimu za kamera hiyo. Aliyetaka lenzi ya pili hakuwa na budi kuirudisha kamera kiwandani.

Mwaka 1931 tatizo hilo liliondolewa. Umbali kutoka pete ya kufungia lenzi hadi kwenye filamu ukawekwa milimita 28.8 kwa kamera zote, na alama ya sufuri ikachorwa iwe ushahidi. Mwaka wa pili yake, 1932, ikaja Leica ya pili yenye kipimamasafa kilichounganishwa na lenzi. Nyuma ya lenzi pana pete ya shaba. Lenzi ikizungushwa, pete husukuma wenzo mdogo ndani ya kamera, na mpigaji huona taswira mbili zikisogeleana. Zikiwa moja, amekwisha lenga.

Basi mwenye chombo cha zamani na aanze hapo. Lenzi iliyotengenezwa kwa kamera moja kabla ya mwaka 1931 haiwezi kutarajiwa kuitii kamera nyingine. Kamera za FED za Kisovieti, zilizoanza kuiga Leica mwaka 1934, nazo mwanzoni hazikufuata kipimo kimoja. Kisha aiweke lenzi kwenye masafa ya mwisho na kuutazama mwezi. Taswira mbili zisipokutana kwa kila lenzi, kosa limo katika kipimamasafa cha kamera. Zisipokutana kwa lenzi moja tu, ni ya lenzi hiyo. Zikikutana na picha bado ina ukungu, yaelekea vioo vilirudishwa vibaya wakati wa kusafishwa, au pete nyembamba ya kusawazisha imepotea. Jaribio la mwisho ni kupima mita moja kwa utepe, kufungua tundu la mwanga lote, na kupiga.

Asilidharau kosa dogo. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyolengwa mita moja, kosa la sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi, husogeza mahali palipo wazi kwa zaidi ya sentimita 3. Jicho likaingia ukungu, na ncha ya pua ikawa wazi.

Barnack aliaga dunia tarehe 16 Januari, 1936, akiwa na umri wa miaka 56. Tangu mwaka 1979 hutolewa tuzo ya upigaji picha yenye jina lake. Mwaka 2022 kamera aliyoitumia mwenyewe, nambari 105, iliuzwa mnadani kwa euro milioni 14.4.

Hata hivyo fedha hizo si kipimo cha mtu huyu. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa kuogopa mizani iliyopunjwa dukani, twaweza kumwelewa kwa urahisi. Kabla ya mwaka 1931 kila kamera ilikuwa na pishi yake. Baadaye mtu wa Mombasa na mtu wa Wetzlar waliweza kubadilishana lenzi bila ya kujuana, na kila mmoja akapata haki yake. Lenzi kuukuu itusumbuapo leo haijasahau kazi yake. Imetoka tu kwenye kipimo, nayo yangoja fundi mwenye subira airudishe.