Pierre-Jules Boulanger: Aliyeshusha gari la mizigo bila kuvunja mayai

Mwenye pikapu ya zamani akitaka ishuke chini, ili kupakia magunia kusimuumize mgongo na gari lisiyumbe kwenye kona, mara nyingi huenda gereji akakatiwa springi. Gari hushuka kweli, lakini huanza kugonga kila shimo, na nyanya hufika sokoni zimepondeka. Mfaransa mmoja, Pierre-Jules Boulanger, alikabiliana na suala hili zaidi ya miaka 80 iliyopita, na maisha yake yana somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo.

Boulanger alizaliwa Machi 1885 huko Sin-le-Noble, kaskazini mwa Ufaransa. Alianza masomo ya sanaa lakini akaacha kwa kukosa fedha. Mwaka 1908 alikwenda Marekani, akafanya kazi ya kuchora ramani za nyumba mjini Seattle, kisha akaanzisha kampuni ya ujenzi huko Victoria, Canada. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alirudi kwao, akamaliza vita akiwa kapteni.

Baada ya hapo aliajiriwa na Michelin, kampuni ya matairi. Mwishoni mwa mwaka 1934 kampuni ya magari ya Citroën ilifilisika, Michelin ikaichukua na kumpeleka Boulanger huko akiwa msaidizi wa Pierre Michelin. Pierre alifariki kwa ajali ya gari Desemba 1937, na Boulanger akashika usukani wa kampuni.

Boulanger hakuwa mhandisi. Alichofanya ni kuuliza wateja kwanza. Watu wake walipita vijijini wakiuliza wakulima wanabeba nini na barabara zao zikoje. Kutokana na majibu hayo aliwapa mafundi wake, wakiongozwa na André Lefebvre, masharti mafupi: gari la bei nafuu, libebe wakulima wawili na kilo 50 za viazi, litumie lita 3 kwa kilomita 100, na lipite shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai bila yai hata moja kupasuka.

Wafanyabiashara wa mizigo nao waliulizwa. Kilio chao kilikuwa sakafu za magari kuwa juu mno. Mwaka 1939 Citroën ikatoa gari la TUB, na neno la mwisho katika jina hilo la Kifaransa lina maana ya chini. Siri yake haikuwa kukata springi. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta gari, kwa hiyo hapakuwa na propela shafti ya kupita chini ya mzigo, na sakafu ikaweza kushuka.

Septemba 1939 vita vikazuka tena, na maonyesho ya Paris ambako gari la wakulima lilikuwa lionekane Oktoba yakafutwa. Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940, Boulanger aliagiza magari ya majaribio yafichwe au yaharibiwe. Alikataa kukutana nao ana kwa ana, na kiwanda kikatengeneza malori yao kwa mwendo wa kobe. Angekamatwa, angeweza kulipa kwa uhai wake. Baadhi ya magari yaliyofichwa yaligunduliwa ghalani katikati ya miaka ya 1990.

Oktoba 1948 gari la wakulima likaonyeshwa Paris kwa jina la 2CV. Injini yake ilikuwa ndogo, cc 375, na wengi walilicheka. Lakini oda zilimiminika hadi wateja wakasubiri kwa miaka. Kila gurudumu lilishikwa na mkono wake, na springi zililala ubavuni, zikiunganisha gurudumu la mbele na la nyuma la upande huo. La mbele likipanda tuta, nguvu ilihamishiwa nyuma, na bodi ikabaki karibu sawa badala ya kuinua pua. Utengenezaji wa 2CV ulikoma mwaka 1990.

Wakati huo huo lilitoka gari la mizigo la aina ya H, lililoonyeshwa mwaka 1947 na kutengenezwa hadi 1981. Sakafu yake ilikuwa bapa na karibu kabisa na ardhi, mtu aliweza kusimama wima ndani, na kila gurudumu lilicheza peke yake. Wachinjaji, waoka mikate na wauza mboga wa Ufaransa walilifanya duka la magurudumu.

Boulanger hakuona mafanikio hayo yote. Alifariki Novemba 1950 kwa ajali, akiendesha gari la Citroën katika barabara ya kutoka Clermont-Ferrand kwenda Paris. Mwaka uliofuata 2CV ya mizigo, yenye uwezo wa kilo 250, iliingia sokoni.

Mwenye pikapu hawezi kuigeuza ivutwe kwa magurudumu ya mbele, lakini anaweza kufuata mawazo ya Boulanger. Aanze na mzigo wake na barabara yake. Springi ya mviringo ikikatwa huwa fupi na pia ngumu zaidi, kwa hiyo gari linashuka huku likirusha watu. Ukipunguza majani ya springi za nyuma, gari hulainika lakini uwezo wa kubeba unapungua. Kabla ya kuishusha, fundi apime nafasi iliyobaki kati ya ekseli na mpira unaoizuia isigonge chesisi gari likiwa na mzigo kamili. Shokapu nazo zilingane na urefu mpya. Nafasi hiyo ikiisha hakuna springi itakayookoa mayai, na hapo ni heri kuliacha gari lilivyo, ukabadilisha bushi na shokapu zilizochoka.