Gaspard Monge, mwana wa mchuuzi aliyefundisha mafundi kuchora

Kila jengo, liwe kanisa ama shule, huchorwa kwanza juu ya karatasi kabla ya kuchimbwa msingi wake. Mwashi na seremala huitazama plani, nao huelewa urefu, upana na kimo cha nyumba ambayo bado haijakuwako. Ni vema kumkumbuka mtu aliyeitia elimu hiyo katika utaratibu, yaani Mfaransa Gaspard Monge.

Alizaliwa mwezi wa Mei 1746 huko Beaune, mji mdogo wa Bourgogne. Baba yake alikuwa mchuuzi, asiye na cheo. Lakini aliazimia kwamba wanawe wasome. Gaspard aliingia shule ya Mapadri wa Oratorio pale Beaune, na mwaka 1762 akaenda kwenye shule yao kubwa ya Lyon. Alipata akili nyingi hata akapewa kufundisha fizika, naye mwenyewe akiwa na miaka 17 tu.

Mwaka 1764 alirudi kwao, akakusudia kuchora ramani ya mji mzima. Vyombo vya kupimia hakuwa navyo, akajitengenezea mwenyewe. Akapima njia na pembe, kisha akavihamisha vipimo juu ya karatasi kwa uangalifu mkubwa. Ofisa mmoja aliiona ramani ile, akastaajabu, na mwaka 1765 kijana akaitwa kwenye shule ya mainjinia wa jeshi huko Mézières.

Lakini kalasi ya maofisa ilikuwa ya wana wa masharifu. Mwana wa mchuuzi aliwekwa pamoja na wachoraji na watengenezaji wa mifano ya plasta. Aliumia moyoni kuona kwamba wakubwa wanausifu mkono wake tu, kana kwamba hana kingine.

Siku moja aliagizwa kuchora ngome ambayo adui, hata akisimama juu ya kilima, hataweza kuona wala kupiga ndani yake. Desturi ilikuwa kufanya hesabu ndefu sana. Monge aliacha hesabu hizo, akatumia mistari peke yake, akamaliza upesi. Mkubwa wake alikataa kwanza kuitazama kazi, akidhani kwamba haiwezekani kumaliza kwa muda mfupi namna ile. Walipoichunguza, waliikuta sawasawa.

Njia yake ni hii. Kila pembe ya kitu hushushwa wima mpaka sakafuni, halafu hupelekwa moja kwa moja mpaka ukutani. Kisha ukuta hulazwa sawa na sakafu, na picha zote mbili hukaa juu ya karatasi moja. Boriti ya paa iliyolala mshazari huonekana fupi katika plani. Lakini fundi akiziunganisha picha hizo mbili huupata urefu wake wa kweli, bila kupanda juu ya nyumba.

Mwaka 1769 Monge alipewa kufundisha hisabati palepale Mézières. Hata hivyo jeshi liliificha njia yake kwa miaka mingi kama siri ya vita. Ni mwaka 1795 tu alipoweza kuifundisha mbele ya watu wote huko Paris, na kitabu chake kikatoka mwaka 1799. Alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa École Polytechnique, shule iliyoundwa mwaka 1794.

Hatufichi kwamba alishika upande wa mapinduzi yaliyolitesa Kanisa la Ufaransa, akawa waziri wa jeshi la maji mwaka 1792. Baadaye aliandamana na Napoleon, na wafalme waliporudi alifukuzwa katika chuo cha wataalamu mwaka 1816. Alikufa Paris tarehe 28 Julai 1818. Wanafunzi wa École Polytechnique walikatazwa kwenda kumzika. Wakafika kaburini baadaye kumpa heshima. Mwaka 1989 mabaki yake yalihamishwa Panthéon, mahali Wafaransa wanapowaweka wakubwa wao.

Wazazi wapendwa, mchuuzi wa Beaune hakuwa na urithi wa kumwachia mwanawe, ila masomo. Nanyi vijana mnaojifunza ufundi, msione haya kuanza na rula, kompasi na mstari mmoja ulionyoka. Monge aliwekwa chini kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Kazi iliyofanywa vizuri ndiyo iliyomtetea.