Robert Bunsen, Mwenye Chongo Aliyewafumbua Watu Macho

Mwaka 1811, katika mji wa Göttingen, nchi ya Ujerumani, alizaliwa mtoto jina lake Robert Bunsen. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mtoto akakua akipenda kemia, ndiyo elimu ya kuchungua asili ya vitu na jinsi vinavyogeuka.

Kazi hiyo haikukosa hatari. Siku moja, alipokuwa akijaribu dawa yenye sumu ya aseniki, chombo kilipasuka kwa kishindo, na kipande cha kioo kikampiga jicho la kuume. Jicho likapofuka, na sumu nayo karibu imwue. Wengi wangaliiacha kazi hapo. Lakini yeye alipopona alirudi mezani pake.

Mwaka 1852 akaenda kufundisha Heidelberg. Huko, kwa msaada wa fundi wake Peter Desaga, alitengeneza taa ya gesi yenye moto mkali usio na rangi nyingi. Hakutaka kujitajirisha kwa taa ile, bali aliwaachia watu wote waitumie, nayo hutumika mashuleni hata leo.

Kwa nini alitaka moto usio na rangi? Ukitia chumvi motoni, moto hugeuka manjano. Ukitia vumbi la chumvi ya shaba, hugeuka kijani. Basi Bunsen akataka kuvitambua vitu kwa rangi zao. Lakini rangi zilipochanganyika, moja iliifunika nyingine. Rafiki yake Gustav Kirchhoff, mwalimu wa fizikia, akamshauri aupitishe mwanga katika kioo cha pande tatu, kinachoutawanya kama upinde wa mvua. Mwaka 1859 wakaunda chombo cha kazi hiyo, wakaona ajabu. Mvuke wa moto hautoi upinde mzima, bali mistari michache inayong'aa. Na kila asili ina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama za vidole vyake.

Mwaka 1860 wakaona mistari ya buluu wasiyoijua katika maji ya chemchemi ya Dürkheim. Bunsen akachemsha tani 40 hivi za maji yale, akapata chumvi kidogo ya madini mapya, ndiyo sesiamu. Mwaka uliofuata wakavumbua rubidiamu kwa mistari yake myekundu.

Kirchhoff naye akaonyesha kwamba mistari myeusi katika mwanga wa jua hulingana na ile ing'aayo motoni, kwa kuwa hewa inayolizunguka jua humeza rangi zile zile ambazo ingezitoa. Hivyo akajua ya kuwa sodiamu na chuma vimo katika jua. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alielekeza chombo cha namna hiyo kwenye wingu dogo la mbali kati ya nyota. Akaona mistari ing'aayo tu, akatambua kwamba wingu lile si kundi la nyota, bali ni gesi yenye moto.

Bunsen alifariki mwaka 1899, mwenye umri wa miaka 88. Alikuwa na jicho moja tu lenye kuona. Lakini kwa bidii yake, na kwa kulisikiliza shauri la rafiki, watu wote wamepata jicho la kuzitambua nyota wasizoweza kuzifikia.